Umri Nilioandika kwa Mkono Wangu

Ijuganyondo, jioni ya kuamkia safari

Kokugonza mwanangu,

Mama yako yuko jikoni anamenya ndizi, na wewe umekwenda kumuaga mchungaji. Nimepata nafasi ya kukaa peke yangu na kalamu kabla giza halijaingia. Mambo ya blanketi, ya sabuni na ya kuchemsha maji amekwisha kukuambia yeye, tena zaidi ya mara tatu, nami sina la kuongeza. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho walimu walichonifundisha kuandikia. Kihaya changu ni cha kusema, na jambo hili kulisema nimeshindwa kwa miaka sita.

Ni habari ya Paskazia.

Wewe unaijua kwa upande wako, upande wa mtoto wa miaka kumi na miwili aliyekaa kwenye kigoda barazani akishona vifungo. Upande wangu huujui, na hauanzii Bukoba. Unaanzia Muleba, kwenye kibanja cha babu yako, juu kidogo ya Rubya.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Ulikuwa msimu wa kahawa, na baba alinituma kupeleka magunia mawili kwa mnunuzi na kumrudishia fedha. Nikiwa njiani kurudi nilipita kwa muuza rubisi, pombe yetu ya ndizi, ambako wanaume walikuwa wanacheza karata nyuma ya nyumba. Nilisimama kutazama. Hakuna aliyeniuliza nina umri gani wala fedha mfukoni ni za nani. Mmoja alisogea kwenye benchi, akapigapiga mahali penye nafasi, akasema, "Kaa, mwanamume mwenzetu."

Neno hilo lilinilewesha kuliko pombe yoyote niliyoonja baadaye. Nilikaa. Nilishinda mara mbili, nikajiona nimezaliwa upya. Jua lilipoinama sikuwa na kitu.

Baba hakunipiga. Alisikiliza mpaka nikamaliza, akageuka kuitazama mibuni yake aliyoipalilia, akasema, "Mwaka mzima, Kaijage." Hakusema jingine. Mwezi uliofuata shangazi yako Elizabeti aliondolewa shule kabla hajajua kusoma, maana fedha iliyopotea ilikuwa na karo yake ndani. Alikuwa ndiye mwenye akili kunipita. Kila anapokuja hapa na barua yake mkononi, akakuita umsomee, mimi huondoka nikaenda shambani. Uliwahi kuniuliza kwa nini siketi nikasikiliza habari za ndugu. Sasa unajua.

Nakueleza haya ili usije ukadhani kwamba nilipofanya niliyoyafanya kwa Paskazia nilikuwa sijui. Nilijua kuliko mtu yeyote pale mjini.

Unakumbuka kwamba cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ya duka la Mzee Salum, karibu na soko. Mwaka ule wenye maduka fulani wa mjini waliunda klabu yao, wakataka kujenga ukumbi, wakaomba kibali cha kuendesha bahati nasibu. Bwana Shauri, ofisa wa wilaya, aliwakubalia kwa masharti, na sharti moja lilichapishwa nyuma ya kila tiketi kwa Kiswahili na Kiingereza: isiuzwe kwa mtu ambaye hajatimiza miaka kumi na minane. Zawadi ya kwanza ilikuwa baiskeli, ya pili cherehani mpya ya kukanyaga kwa mguu. Karani wa klabu alizunguka kutafuta wauzaji, na kwa kuwa watu wengi walipita kwangu, akanipa kitabu cha tiketi. Kila nilipouza nilipaswa kuandika jina na umri wa mnunuzi kwenye kipande kinachobaki kitabuni. Mwisho wa juma nilipata fungu langu kwa idadi niliyouza.

Mzee Salum alipokiona kile kitabu hakupendezwa.

"Fundi, baraza hii ni ya mtu anayeswali," alisema. "Kamari sitaki hapa."

"Hii si kamari, Mzee wangu. Ina muhuri wa serikali."

"Muhuri umeuona. Na moyo wako umeuuliza?"

Nilikitia kitabu kwenye droo ya cherehani, nikaendelea kuuza kimyakimya akiwa msikitini. Hiyo nayo ilikuwa alama ambayo ningeisoma kama ningetaka. Kitu unachokificha kwa mtu mwema hakihitaji mwalimu wa kukueleza ni kitu gani.

Paskazia alikuja siku ya soko. Walitoka kisiwa cha Bumbire kwa mashua, yeye na majirani zao, kuuza samaki waliokaushwa. Mama yake alikuwa amejifungua, kwa hiyo alimtuma yeye. Alikuwa mwembamba, mrefu kukuzidi kidogo, na kabla ya kununua chochote alisimama muda mrefu akitazama mikono yangu. Nilipomaliza mshono aliniuliza kwa heshima ya Kihaya, "Fundi, waitu, mtu huchukua muda gani kujifunza?"

"Akiwa na cherehani yake, miezi sita."

"Na cherehani hupatikanaje?"

Hapo, mwanangu, ningeweza kumwambia ukweli, kwamba mimi yangu niliifanyia kazi miaka minne. Badala yake nilifungua droo.

Nilimuuliza umri. Akasema kumi na mitatu. Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi. Nilimtazama usoni nikasema polepole, "Sikusikia vizuri. Umesema kumi na minane?" Alikuwa na akili nyepesi. Aliangalia kalamu, akaniangalia, akasema, "Ndiyo, waitu. Kumi na minane." Nikaandika.

Wewe uliinua kichwa kutoka kwenye vifungo vyako. Niliona, nikajifanya kuhesabu pini.

Alirudi juma lililofuata, na lililofuata, hakukosa. Baada ya ile mara ya kwanza hakuhitaji kufundishwa. Alikuwa anafika anasema, "Paskazia, miaka kumi na minane," kama mtoto anayejibu maamkizi. Nilimchagulia namba. Nilimwambia hii ina sura nzuri, hii imekaa kama ya mshindi. Nilimwambia yale yale niliyoambiwa mimi kwenye benchi la muuza rubisi, isipokuwa mimi nilikuwa na sauti ya upole na tepe ya kupimia shingoni. Fedha zilikuwa za samaki wa mama yake. Nadhani kule nyumbani alisema bei imeshuka.

Siku ya kuchezesha namba klabu waliweka meza uwanjani, na mji mzima ukaenda. Cherehani ilikwenda kwa karani wa posta ambaye mke wake hajui hata kutia uzi kwenye sindano. Nilimwona Paskazia amesimama ukingoni mwa watu, amezishika tiketi zake kama karata. Alisubiri hata baada ya meza kuondolewa. Nilipita upande mwingine.

Siku ya tatu yake alitokea barazani mama mmoja, mtoto mchanga mgongoni, miguu imejaa vumbi hadi magotini. Wewe ulikuwa umetoka shule, umekaa mahali pako. Mzee Salum alikuwa mlangoni anapima sukari. Yule mama alitusalimu sote, kisha akasema amepoteza binti yake. Mashua ilirudi Bumbire bila yeye. Wachuuzi sokoni walimwambia kwamba binti huyo hupenda kusimama kwa fundi.

"Fundi, umemwona mwanangu? Anaitwa Paskazia."

"Watu wengi husimama hapa, mama," nilisema. "Huyo simjui."

Mguu wangu haukuacha kukanyaga cherehani. Nilishona mshono mzima juu ya kitambaa ambacho hakikuhitaji mshono.

Wewe ukasema, "Tata, unamjua."

Hukupaza sauti. Ulikuwa umesimama, na vifungo vilikuwa vinadondoka kutoka kwenye sketi yako ya shule. "Ni yule Paskazia wa samaki. Amenunua tiketi kwako. Alikuambia ana miaka kumi na mitatu, ukamwambia aseme kumi na minane. Iko kwenye kitabu, ndani ya droo."

Nilikuzaba kofi.

Nilikupiga mbele ya mama aliyepotelewa na mtoto, mbele ya Mzee Salum, kwa sababu ulikuwa umesema kweli na mimi nilikuwa nimesema uongo. Hukulia. Ulishika shavu, ukamgeukia yule mama, ukamwambia, "Najua alipo. Nitakupeleka."

Mzee Salum aliweka kibaba chini. "Mtoto amemaliza kusema," aliniambia. "Sasa ni zamu yako, fundi."

Nilifungua droo, nikatoa kitabu, nikakiweka juu ya meza. Kisha nilisimama nikawafuata.

Ulitangulia wewe, kama mwenye nyumba anayeonyesha wageni njia. Tulishuka mpaka mto Kanoni, nyuma ya nyumba za wauza pombe, na pale tukamkuta Paskazia anasugua mitungi kwa mchanga. Alikuwa amejipatia kibarua cha kuosha mitungi ili arudishe fedha ya samaki kabla hajaonekana nyumbani. Wewe ulikuwa umemwona siku iliyotangulia na umempelekea ndizi zako za mchana. Mama yake alipomwona alikaa chini, pale pale matopeni. Paskazia alisema, "Nimebakiza kidogo, mama." Yule mama alimvuta, akamkumbatia pamoja na mtungi wake.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwao na sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nikamkumbuka baba akiitazama mibuni yake. Mpaka siku hiyo nilikuwa nikidhani kwamba alinyamaza kwa hasira.

Kesho yake nilikwenda kwa karani wa klabu na kitabu. Nilimweleza yote. Alifunga mlango. Alisema habari ikimfikia Bwana Shauri kibali kitafutwa, na ukumbi hautajengwa, na mimi nitashitakiwa. Kisha akanionyesha njia. "Sema msichana alikudanganya. Ana urefu wa kutosha. Mtu atajuaje?"

"Binti yangu anajua," nilimwambia.

Alicheka. Alidhani nafanya mzaha. Lakini lilikuwa jibu pekee nililokuwa nalo, na nilipolisema niliona limetosha. Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja bomani nikamsimulia karani wa Bwana Shauri. Nilitozwa faini, na mauzo yakasimamishwa mji mzima mpaka klabu ilipoleta wauzaji wapya wanaosimamiwa. Wenye maduka walinichukia. Miezi mingi hakuna aliyeniletea hata suruali ya kupunguza. Ulivaa sketi ile ile mpaka magoti yakatoka nje, na wenzako wakakucheka, na hukuwahi kusema ni kwa sababu ya nani. Mzee Salum, ambaye angekuwa na haki ya kunifukuza, alileta kanzu zake zote nizikaze upya, nami nilijua wazi kwamba hazikulegea.

Halafu kulikuwa na safari ya Bumbire. Ulikataa kubaki nyumbani. Ziwa lilichafuka, nikatapika njia nzima, na wewe ukanishika mkanda wa suruali nisije nikaangukia majini, huku wavuvi wakicheka kwamba fundi anageuzwa ndani nje kama mfuko. Niliwarudishia fedha ya samaki. Baba yake Paskazia aliipokea bila kuihesabu, akaiweka kando.

"Hii umerudisha," alisema. "Siku tatu za mke wangu je?"

Paskazia ndiye aliyesema, kutoka mlangoni: "Anifundishe kushona."

Basi nilimfundisha. Mwaka mzima, kila siku ya soko, alipomaliza kuuza samaki alikaa kwenye kigoda kando yako. Unajua mengine yote. Leo watu wa Bumbire hawaleti nguo mjini, wanampelekea yeye. Cherehani yake aliinunua kwa kazi yake, na ilimchukua miaka mitatu, mmoja pungufu ya yangu.

Sasa nije kwenye la mwaka jana, ambalo lina uchungu wake.

Ilipokuja fomu ya shule ya wauguzi, kulikuwa na mstari mmoja: mwombaji awe ametimiza miaka kumi na minane. Ulikuwa umepungukiwa miezi saba. Wenzako wawili waliandikiwa kumi na minane na baba zao, wakapokelewa. Mjomba wako alisema pale mezani, "Andika tu. Nani alizaliwa ameshika saa mkononi?" Mama yako alinyamaza, na kwa mama yako kunyamaza ni kukubali. Na wewe, Kokugonza, ulinitazama ukasema, "Tata, ni miezi saba tu."

Nilikuwa na kalamu mkononi na umri wa msichana mwingine mbele yangu. Sikukukumbusha habari ya barazani, ingawa ilinijia mpaka kwenye ulimi. Ingekuwa kukupiga mara ya pili. Niliandika kumi na saba, nikatia sahihi, na jibu lilirudi kama tulivyojua litarudi.

Hukusema nami majuma matatu. Uliweka chakula changu mezani ukaondoka. Sikukulaumu. Mtu akiwa na miaka kumi na saba, miezi saba ni mirefu kuliko barabara ya kwenda Biharamulo kwa mguu, na wenzako walikuwa wanaandika barua kutoka Mwanza wakieleza sare zao nyeupe. Usiku ule ule wa jibu nilimwambia mama yako kwamba labda nimekuwa mtu wa kulipa deni langu kwa mfuko wa mwanangu. Hata leo sina hakika kamili. Nakuachia hilo ulipime mwenyewe ukiwa na watoto.

Lakini niliona ulivyoutumia mwaka ule. Ulikwenda mwenyewe kwa mchungaji ukaomba kufundisha wadogo kusoma. Na jioni moja nilirudi nikakuta shangazi yako Elizabeti amekaa mkekani, ameweka ubao mapajani, anaandika jina lake. Hakuna aliyekutuma. Hukujua kwa nini mimi niligeuka nikaenda nje bila kusalimia. Ulidhani nina haraka. Nilikwenda kusimama kwenye migomba nikalia kama mtoto, kwa sababu nilichokivunja nikiwa na miaka kumi na mitano ulikuwa unakiunga, na wala hukuwa umeambiwa kwamba kimevunjika.

Sina mawaidha makubwa. Sasa umetimiza kumi na minane na shule ya wauguzi imekupokea; huko unakokwenda utapewa kadi za wagonjwa na kalamu. Utaandika joto la mwili, saa, idadi ya vidonge. Kutakuwa na asubuhi umechoka, na mtu mwenye sauti ya upole atakuambia, "Sikusikia vizuri, umesema ngapi?" Utalijua hilo swali. Ulilisikia mapema kuliko ilivyokupasa, nami ndiye niliyeliuliza. Na ikitokea siku moja ukaandika isivyo, maana hata wewe utakosea, usikanyage cherehani kama mimi. Simama mapema.

Watu wananipongeza njiani. Kanisani wameniita mbele Jumapili wakaniombea, wakasema Kaijage amelea. Mzee Salum amekuja hapa nyumbani kwa miguu kukuaga, na umri ule alio nao. Ninapokea pongezi zote, sizikatai, ninazipenda. Kifua changu kimejaa hata shati hili nililolishona mwenyewe linanibana. Ila ninajua namna kazi ilivyogawanywa kati yetu wawili, na nilitaka wewe pia ujue kwamba ninajua.

Kuna jambo ambalo mzazi wa kwetu halisemi kwa mtoto, na sikuwahi kulisikia kwa baba yangu, wala yeye kwa baba yake. Nimejaribu kulisema juma zima. Jana nilikuita uani, ukaja, nikakuuliza kama sanduku linafunga. Kesho gatini kutakuwa na watu, na mama yako atakuwa analia, na nitakushika mkono nikasema safari njema kama wanavyosema wengine. Kwa hiyo pokea hapa.

Nisamehe kofi lile, Kokugonza. Hukuwa umekosa.

Baba yako,
Kaijage